Kuchonga na kugonga mihuri ya mapambo: mwongozo wa mtu anayeanza, Bagamoyo

Usianze kwa kununua mihuri. Ile ya mapambo inayouzwa tayari, yenye waridi na vipepeo, ni ghali, na ukishagonga kadi ishirini za waridi lilelile utaichoka. Anza na raba ya kufutia penseli, kisu kidogo cha karatasi na pedi ya wino ya ofisini. Vitu hivyo vitatu vinatosha kutengeneza kadi za Idi, kadi za mchango wa harusi au mifuko ya kaki yenye alama ya biashara yako ya visheti, na duka la kawaida la vifaa vya shule huwa navyo. Kariakoo utakwenda baadaye, ukishajua unachokitafuta.

Anayeanza huhangaika sana na uchongaji. Lakini kazi nyingi huharibika baada ya kuchonga: wino haukufaa karatasi, mkono ulitikisika, meza haikuwa sawa, au kadi zimerundikwa kabla hazijakauka. Huku pwani unyevu nao huongeza yake, hasa masika.

Vifaa

Raba iwe nyeupe, laini, ya aina ya plastiki. Ikunje kidogo dukani: ikipinda bila kutoa nyufa, inafaa. Ikimong'onyoka kama mkate mkavu, iache. Iache pia ile ya rangi mbili, kwa sababu upande wa bluu umechanganywa na chembe za kusugulia wino, nazo zitakula makali ya kisu chako. Raba ya urefu wa sentimita 6, upana 2 na unene wa 1 ni nzuri. Nunua nne, maana moja utaiharibu ukijifunza na hilo halina neno.

Kisu kiwe kile chembamba cha kukatia karatasi, chenye wembe wa upana wa milimita 9 unaovunjwa ncha. Ukiona kisu kinavuta raba badala ya kuikata, vunja ncha upate makali mapya. Wembe mtupu wa kunyolea haufai: unapinda katikati ya mstari na hauna pa kushika. Ukipata patasi ndogo yenye mdomo wa V, mistari ya mviringo itakuwa rahisi zaidi. Bagamoyo haina uhaba wa wachonga vinyago, na mchongaji mmoja anaweza kukufundisha kunoa patasi kwa dakika chache kuliko utakavyojifunza kwa kubahatisha wiki nzima.

Ongeza penseli ya 2B, karatasi nyembamba ya kupitishia michoro, rula ya chuma, msasa laini namba 400, mswaki uliozeeka, kitambaa cha pamba na magazeti ya zamani.

Wino na karatasi huchaguliwa pamoja

Wino wa pedi ya ofisini ni rangi iliyoyeyushwa, na hutiwa vitu vya kuzuia pedi isikauke. Kwa hiyo haukauki kwa hewa peke yake. Hukauka kwa kunywewa na karatasi. Ndiyo maana kwenye kaki, manila au bahasha ya kawaida unashika mara moja, lakini kwenye karatasi ya kung'aa unaweza kuupitishia kidole kesho yake na bado ukapakaa. Usipambane na karatasi ya kung'aa kwa wino huu. Badili karatasi.

Aina ya pili ni wino wa chembechembe za rangi, unaokaa juu ya karatasi. Huu hutoa rangi nzito, nyeupe na dhahabu zikiwemo, na haupauki upesi juani. Kasoro yake ni ukaukaji wa polepole. Wakati wa kiangazi uache saa kadhaa. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, uache usiku kucha kadi zikiwa zimetandazwa, au pitisha pasi ya moto mdogo nyuma ya karatasi. Kwa anayeanza, wino wa ofisini wa rangi moja unatosha, na zambarau au bluu hupendeza kwenye kaki kuliko jeusi. Kumbuka tu kwamba ukipaka rangi za maji juu yake utatambaa. Ukitaka kujazia rangi, tumia penseli za rangi.

Karatasi ya kunakilia ya gramu 80 itumie kwa majaribio tu, kwa sababu wino hupenya hadi nyuma. Kwa kadi chukua manila ya gramu 160 hadi 220, yenye uso laini usiong'aa. Gonga jaribio kwenye kona: mistari ikiota nywele pembeni, karatasi hiyo inanywa kupita kiasi. Karatasi iliyolala kwenye chumba chenye unyevu hufanya hivyo hata kama ni nzuri. Iweke siku moja ndani ya mfuko uliofungwa pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, kisha ijaribu tena.

Pedi mpya au iliyokauka itie matone 8 hadi 10 ya wino, uyatawanye, kisha uiache robo saa ili wino uzame. Pedi iliyolowa mno ikandamizie gazeti mara mbili tatu kabla ya kuanza.

Mahali pa kupata michoro

Tembea Mji Mkongwe ukitazama milango. Kwenye fremu utaona minyororo, mawimbi, maua ya mviringo, majani na magamba, yote yamechongwa kwa kurudiarudia umbo moja dogo. Ndivyo muhuri unavyofanya kazi pia. Piga picha kwa mbele, usisimame kwa pembeni, ili umbo lisipinde. Usiweke karatasi juu ya mlango ukasugua kwa penseli bila kuomba: nyuma ya mlango kuna watu wanaishi, na nakshi nyingine ni dhaifu.

Chanzo cha pili kiko kabatini. Kanga ina pindo pembeni, mji katikati na jina, yaani maandishi yake, na mpangilio huo unafaa kadi bila kubadilishwa chochote. Katika mji au pindo utakutana na korosho, umbo ambalo halina pembe za kusumbua kisu. Kwa hiyo mihuri miwili ya kwanza iwe hii: kiungo cha mnyororo kwa ajili ya pindo, na korosho kwa ajili ya mji.

Kuchonga kiungo cha mnyororo

1. Kata kipande cha raba cha milimita 15 kwa 15. Kisimamishe kisu wima na utumie rula ya chuma. Kingo zikiwa zimenyooka ndizo zitakazokuongoza wakati wa kugonga, kwa sababu raba haionyeshi kilicho chini yake.

2. Sugua uso kwa msasa laini mara chache, kwa kuzungusha, mpaka mng'ao uondoke. Uso unaong'aa husukuma wino ukakaa kama matone.

3. Kwenye karatasi ya kupitishia chora mraba wa kipimo hichohicho. Ndani yake chora umbo la jicho: linaanza katikati ya ukingo wa kushoto, linapanda na kushuka, na kuishia katikati ya ukingo wa kulia. Mstari wake uwe na unene wa milimita 2. Katikati weka nukta ya milimita 3. Ncha zote mbili lazima ziwe milimita 7.5 kutoka juu, la sivyo viungo havitashikana.

4. Geuza karatasi, upande wa penseli uitazame raba, usugue mgongo wake kwa ukucha. Mchoro utahamia ukiwa umegeuka, na ukigongwa utarudi sawa. Jicho halina kushoto wala kulia, lakini zoea hatua hii tangu sasa. Siku ya kuchonga herufi itakuokoa.

5. Kata ukingo wa mchoro kwa kuinamisha kisu, ukuta wa raba uteremke kuelekea nje kama mteremko wa paa. Hapa ndipo wengi hukosea: wanainamisha kisu kuelekea chini ya mstari. Mstari unabaki juu, mwembamba chini, na ukigandamiza unalala upande na kutoa mchapo mnene usio na umbo. Kina kiwe milimita 2 hadi 3. Kisha kata mara ya pili kutoka upande wa pili ili kipande kilicho katikati kitoke chenyewe kwa umbo la V. Usikichokonoe kwa ncha.

6. Kwenye mviringo, kisu kitulie, raba ndiyo izunguke. Mkono unaoshika raba uwe daima nyuma ya makali.

7. Gonga jaribio kabla hujamaliza. Sehemu za chini zinazogusa karatasi zitajionyesha kwa madoa. Zishushe zaidi, lakini usikate hadi raba ikawa nyembamba, maana itaanza kuyumba.

8. Nyuma chora mshale kwa kalamu ya wino, ujue juu ni wapi.

Korosho ifanye ya urefu wa milimita 25 na upana wa 18, mkia wake umalizikie kwenye kona. Ndani weka mstari mmoja unaofuata umbo la nje na nukta tatu. Zaidi ya hapo mistari itakuwa chini ya milimita 1, na raba ya dukani haiishiki mistari hiyo kwa muda mrefu.

Kugonga

Meza iwe tambarare. Tandika magazeti manne juu yake. Tandiko likizidi, karatasi huzama na kingo za raba zinachapa pamoja na mchoro. Likikosekana kabisa, kila kijibonde cha meza huacha sehemu nyeupe.

Gusisha raba kwenye pedi mara tatu au nne kwa wepesi, kila mara ukiigeuza kidogo. Usiisukume ndani ya pedi, kwa sababu wino utaingia kwenye mabonde uliyochonga. Muhuri mkubwa kuliko pedi ulaze uso juu, halafu pedi ndiyo iugongegonge. Itazame raba kwenye mwanga: wino unapaswa kung'aa kwa usawa kwenye mistari, bila utando katikati yake.

Shusha muhuri wima. Gandamiza kwa vidole viwili vilivyotandazwa, hesabu moja, mbili, kisha uinue wima. Usiutikise huku na huku, hata kama wenye mihuri ya ofisini hufanya hivyo. Paka wino kwa kila mchapo. Ukigonga mara mbili kwa wino mmoja, mchapo wa pili hutoka hafifu na pindo lako litakuwa na mabaka.

Kadi ya kwanza, kwa mpangilio wa kanga

Kata manila ya A4 katikati upate vipande viwili vya A5. Kila kipande kikikunjwa ni kadi ya A6, yaani milimita 105 kwa 148, inayoingia kwenye bahasha ya C6. Karatasi 10 zinatoa kadi 20. Kabla ya kukunja, pitisha kalamu ya wino iliyokauka kando ya rula kwenye mstari wa mkunjo. Manila isiyochorwa mstari huo hupasuka nyuzi kwenye mkunjo. Jaribu kuipinda kwa pande zote mbili kwanza: upande unaopinda kwa urahisi ndio unaofuata nyuzi za karatasi, na mkunjo ukiweza kuufuata utakuwa safi.

Gonga kabla ya kukunja, karatasi ikiwa bapa.

Kwenye uso wa kadi chora kwa penseli nyepesi fremu ya milimita 90 kwa 135. Upande mfupi utabaki na nafasi ya milimita 7.5 kila pembeni, upande mrefu 6.5. Tofauti hiyo haionekani kwa macho, na faida yake ni kwamba mihuri ya milimita 15 inaingia 6 kwa upana na 9 kwa urefu bila kubaki kipande. Kona nne usizigonge kiungo, kwa sababu mnyororo hauwezi kupinda hapo. Gonga nukta kwa raba iliyo kwenye tako la penseli. Inabaki michapo 22 ya mnyororo: 4 juu, 4 chini, 7 kila upande.

Laza rula kwenye mstari wa fremu, uutelezeshe ukingo wa muhuri kandokando yake. Anza pembeni mwa kila kona, kisha uende katikati. Ukianzia upande mmoja moja kwa moja, nusu milimita ya kila mchapo itajumlishwa na kiungo cha mwisho kitapanda juu ya nukta. Kwa pande ndefu zungusha muhuri robo duara.

Mji umebaki na eneo la milimita 60 kwa 105. Weka alama ya katikati, kisha gonga korosho nne, mikia yote ikikutana kwenye alama hiyo, kila moja ikiwa imezungushwa robo duara. Muhuri mmoja umekupa ua zima. Chini yake acha milimita 15 kwa ajili ya jina, uandike kwa kalamu: Idi Njema, Hongera Bi Harusi, Karibu Mgeni. Kuchonga herufi za raba ni kazi ya mwezi mwingine.

Tandaza kadi bila kupanganisha mpaka zikauke, kisha futa mistari ya penseli. Ukifuta mapema, wino unakwenda na raba.

Mifuko na vitambaa

Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, mfuko wa kaki umekuwa kitu cha kila duka. Kaki inanywa wino vizuri. Ingiza kadibodi ndani ya mfuko kabla ya kugonga, vinginevyo mshono wa nyuma utatokea kwenye mchapo.

Kwa maumbo makubwa, soli ya kandambili ni bora kuliko raba. Isugue kwa msasa mpaka mistari ya chini iishe, chora kwa kalamu, kata kwa kisu, kisha ibandike kwenye kipande cha mbao cha unene wa sentimita 2 kutoka kwa seremala. Tumia gundi ya fundi viatu: paka pande zote mbili, subiri ikauke kiasi cha kutoshika kidole, ndipo uunganishe. Ukiunganisha ikiwa mbichi itateleza. Povu la kandambili lina vitundu, kwa hiyo usitegemee mistari chini ya milimita 3. Vitundu hivyo vitaonekana kwenye mchapo, na kwenye kitambaa hupendeza.

Kitambaa cha marekani kifue kwanza kuondoa wanga, ukipige pasi. Paka rangi ya kitambaa ya maji juu ya muhuri kwa sponji, nyembamba. Rangi nene hujaza mabonde. Gonga kwa nguvu zaidi kuliko kwenye karatasi, acha ikauke siku nzima, kisha piga pasi bila mvuke kwa dakika 3 hadi 5 kupitia kitambaa kingine. Maelekezo ya chupa yakisema vinginevyo, fuata chupa. Rangi ya aina hii ikikaukia kwenye muhuri haitoki, kwa hiyo weka beseni la maji karibu.

Mchapo ukikataa

Katikati pametoka peupe: uso wa raba una bonde, au vidole vilikandamiza pembeni. Laza msasa kwenye kioo, usugue uso wa raba juu yake mara tano, ujaribu tena.

Mistari imekuwa minene: wino mwingi, au umekandamiza mno. Gonga mara mbili kwenye gazeti bila kupaka, kisha kwenye kadi.

Kuna kivuli cha pili pembeni: muhuri uliteleza wakati wa kuinua. Shikilia karatasi kwa mkono mwingine.

Matone madogo yametawanyika ndani ya mstari: raba bado inang'aa, au ina mafuta ya vidole. Ioshe kwa sabuni kidogo, uisugue kwa msasa.

Mchapo uliokuwa mzuri jana leo unapakaa: unyevu. Tazama karatasi, si muhuri.

Usafi na utunzaji

Baada ya kazi gonga kwenye gazeti mpaka wino uishe, kisha futa kwa kitambaa chenye unyevu. Mabonde yasafishe kwa mswaki na sabuni kidogo, kausha kivulini. Petroli, mafuta ya taa na thina viwe mbali, kwa sababu hulainisha na kuvimbisha mpira. Jua ni adui mwingine. Hata mpira uliopikwa kwa salfa, njia ambayo Charles Goodyear aliisajili Marekani mwaka 1844, hupasuka ukiachwa dirishani mwezi baada ya mwezi. Mihuri ya plastiki angavu hugeuka njano.

Raba ya kufutia ina tabia yake: ikilala ndani ya kopo la plastiki inang'ang'ania na kuliyeyusha, na uso wake unaharibika. Funga kila muhuri kwa karatasi, panga ndani ya kopo la bati la biskuti, weka na vipakiti vya kukausha unyevu. Pedi za wino zilazwe kifudifudi, zikiwa zimefungwa, ili wino ubaki upande unaotumika.

Ukitaka muhuri wa kudumu

Ukishapata mchoro unaoupenda na unaorudiwa mara nyingi, mpe fundi wa mihuri. Chora kwa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, bila kijivu, mistari isiwe chini ya nusu milimita. Usiugeuze mchoro, kwa sababu fundi ataugeuza mwenyewe. Taja kipimo kwa milimita, na sema unataka mpira uliobandikwa kwenye mbao. Ule wa kujichovya wino umebanwa kwenye rangi moja, na hutaweza kuubadilishia wino kila kazi.

Maandishi ya duara yenye nyota katikati, nembo ya taifa, au chochote kinachofanana na muhuri wa ofisi, shule au serikali ya mtaa, usimpelekee fundi wala usikichonge nyumbani kwa mzaha. Kughushi muhuri ni kosa la jinai, na fundi makini atakukatalia na kukuuliza barua.